Mjadala: Ni moto uliotufanya watu, au tulikuwa watu kabla ya moto?

Mleta mada, Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Naleta hapa mjadala uliotushinda kuumaliza jana mwaloni Kibirizi. Mwalimu mmoja tuliyekuwa tukisubiri naye boti alisema anawafundisha watoto wa kidato cha kwanza hivi: binadamu alipoanza kupika, ubongo ukakua, na hapo ndipo alipoachana na sokwe. Alilisema kama jambo lililokwisha. Kwangu halijakwisha, na inaniuma likifundishwa hivyo hapa kwetu, maana mbegu ya hoja yenyewe ilichipuka hapa hapa.

Mwenye hoja ni Richard Wrangham, mtafiti wa sokwe na asili ya binadamu. Miaka ya 1970 alikuwa kijana anayefuata sokwe huko Gombe, zinakopita boti zile zile za Kibirizi zikienda kaskazini. Alijaribu kula wanachokula sokwe, akabaki na njaa. Baadaye akapiga hesabu: sokwe anatafuna karibu saa 6 kwa siku, sisi hata saa moja haifiki. Ubongo wetu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini tukiwa tumekaa kimya unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote. Nguvu hizo zimetoka wapi? Yeye anasema zimetoka motoni. *Homo erectus*, binadamu wa kale aliyetokea karibu miaka milioni 1.9 iliyopita, alikuwa na magego madogo kuliko waliomtangulia, basi lazima alikuwa anapika.

Sikuipuuza. Jana usiku nilikata mzizi mmoja wa muhogo mtamu mara mbili. Nusu nikaifukia kwenye majivu ya moto, nusu nikaila mbichi. Ile mbichi inalia mdomoni, inatoa maziwa, unatafuna hadi taya zinachoka na bado nyuzi zinabaki kwenye meno. Ile ya majivuni ganda lilijiachia lenyewe, ndani ukawa unga, na mwanangu aliyeng'oka meno ya mbele aliimaliza kabla sijapata kipande cha pili. Kwa hiyo kwamba moto unarahisisha kula, hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye miaka. Mwaka 2012 watafiti walitangaza majivu ya mimea na mifupa iliyoungua kutoka pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, ya miaka milioni 1 iliyopita. Yalikutwa kama mita 30 ndani ya pango, ambako moto wa nyika hauwezi kuingia. Huo ni ushahidi wa kushika mkononi. Koobi Fora, kule Kenya, kuna udongo ulioungua wa miaka milioni 1.5, ila pale ni uwanda wazi na radi ikipiga nyasi zinawaka zenyewe. Toa milioni 1 kwenye milioni 1.9: miaka laki tisa tunaombwa tuamini moto tusiouona. Na Ulaya, watafiti Wil Roebroeks na Paola Villa walipokusanya ushahidi wote mwaka 2011, waliona moto wa kutumiwa siku zote unaanza miaka laki tatu hadi nne tu iliyopita, ilhali watu walishaishi kwenye baridi ile muda mrefu kabla ya hapo.

Sasa kama si moto, ni nini? Mimi nasema jiwe. Mwaka 2016 watafiti Katherine Zink na Daniel Lieberman waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi na mizizi mibichi, wakapima kazi ya taya. Wakaona kwamba ukila theluthi moja nyama, ukaikata vipande na kuponda mizizi kwa mawe, unatafuna mara chache zaidi kwa asilimia 17 na kwa nguvu pungufu kwa asilimia 26. Hakuna hata cheche hapo. Mawe ya kukatia ya zaidi ya miaka milioni 2.5 tunayo. Hata sokwe wa nyika kavu za Ugalla, magharibi mwa Tanzania, taarifa ya mwaka 2007 inaonyesha wanachimba mizizi kwa vijiti. Chakula cha ardhini kilikuwepo, jiwe lilikuwepo. Kinu kimetangulia mafiga.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Kasulu

Mkuu, heshima yako, lakini unahukumu kwa kukosa majivu. Majivu ni kitu cha kudumu? Pita shambani wiki mbili baada ya mtu kuchoma visiki, mvua ikishanyesha, unionyeshe kitu. Chukua Kalambo, kusini mwa ziwa letu hili, mpakani na Zambia. Mwaka 2023 zilitangazwa pale gogo mbili zilizochongwa zikaingiliana, za miaka 476,000. Zimebaki kwa sababu zilizama kwenye tope lenye maji. Zingekuwa mahali pakavu, leo ungesema watu wa zama zile hawakujua kuchonga mti!

Halafu kwa nini mtu asubiri kujua kuwasha? Kiangazi msitu wa miombo unawaka kila mwaka. Ndege wanajua kufuata moto wakaokote panzi. Na sokwe wa Fongoli, Senegal, wameonekana wakiutazama moto wa nyika kwa utulivu na kuupisha njia bila kukimbia ovyo. Mtu mwenye akili zaidi ya sokwe akiokota mzizi ulioiva wenyewe, kesho atarudi.

Mchangiaji, Mwanga

Wanangu, mimi nakausha migebuka kwa moshi miaka mingi, nanyi nyote mnazungumzia moto kama kitu kimoja. Moto wa kuunguza na moto wa kupikia ni mambo mawili. Ukizidisha, mafuta yanadondokea kwenye kaa, ndimi zinapanda, samaki anakuwa mkaa nje na damu bado iko kwenye mfupa. Ndiyo maana iliyonigusa mimi ni habari ya Gesher Benot Ya'aqov, Israeli, ya miaka 780,000. Mwaka 2022 walipima meno ya samaki wakubwa yaliyokutwa pale kando ya ziwa la kale, wakaona yalipata joto la kiasi, chini ya nyuzi 500, si moto wa kuteketeza. Huyo aliyekaa pale alikuwa mpishi. Alijua kuvuta kuni nyuma.

Tena mnasahau usiku. Mtafiti Polly Wiessner aliwasikiliza Ju/'hoansi, jamii ya wawindaji wa Kalahari: mchana maneno ni ya kazi na malalamiko, usiku motoni asilimia 81 ya mazungumzo ni hadithi. Tumbo mmelipigania sana, ulimi nani anautetea?

Mleta mada, Ujiji

Dada wa Mwanga, shikamoo. Sikuwa nimeiwaza hivyo, na nakubali: kwa samaki wale, laki saba na themanini tuna mpishi. Mkuu wa Kasulu, la Kalambo limeniingia pia, sitasema tena kwamba moto haukuwepo. Nitasema haujaonekana. Ila hoja ikisimama kwenye meno peke yake, na jiwe nalo linaeleza meno hayo hayo, mwalimu awape watoto majibu yote mawili na tarehe zake waamue.

Nabaki na swali kwa wanaofuata. Ukiacha kuwasha, kuna kuhifadhi: bibi yangu alikuwa akifukia kaa usiku chini ya majivu, alfajiri analipuliza linaamka. Jambo hilo linaacha alama gani ardhini, na kuna aliyewahi kuitafuta?