Ulinganisho: kikuza cha vyufainda, vyufainda ya elektroniki, au nihamie kamera isiyo na kioo?

JichoLaKulia

Wakuu, salamu. Nina kamera ya kidijiti ya renjifainda (unapima umbali kwa kuoanisha picha mbili kwenye kiraka kidogo), ukuzaji wa vyufainda yake, yaani kidirisha cha kutazamia, ni 0.68, na lenzi mbili za fokasi ya mkono: 28mm f/2.8 na 50mm f/1.5 ya muundo wa Sonnar. Chapa siitaji kwa makusudi. Tukianza na chapa, uzi huu utageuka ulingo wa masumbwi kabla ya jibu la tatu.

Shida yangu ni 50mm. Nikiwa karibu na mtu, mita moja hivi, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa (f/1.5), picha nyingi za uso zinaharibika. Kiraka cha katikati nimekioanisha, picha mbili zimekuwa moja, nimebonyeza. Nikifika kwenye kompyuta nakuta ncha ya pua ndiyo kali, macho yamefifia. Nimeanza kuyashuku macho yangu mwenyewe. Navaa miwani na umri haurudi nyuma. Cha kushangaza, picha nilizoweka uso katikati ndizo mbovu zaidi. Nilipomweka mtu pembeni mwa fremu, mara nyingi inatoka safi. Labda bahati tu.

Nafikiria mambo matatu: kikuza cha kufunga kwenye vyufainda, vyufainda ya elektroniki ya kupachika juu, au niachane na renjifainda, nichukue kamera isiyo na kioo (mirrorless) pamoja na adapta ya kufungia lenzi hizi. Waliopita njia hizi naomba mnisaidie.

Shata125

Mkuu, chukua ya elektroniki ulale usingizi. Kiraka kinakadiria tu: kioo kimoja huku, kingine kule, katikati mkono wa chuma unaobonyezwa na nyuma ya lenzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoona kile ambacho sensa inaona. Ya elektroniki inaonyesha picha inayopita kwenye lenzi yenyewe. Unaikuza, unaona kope, unabonyeza.

Faida ya pili ni ukaribu. Renjifainda nyingi zinakomea sentimita 70, lenzi za zamani mita moja nzima. Ukiwa na ya elektroniki, lenzi inayoweza kusogea zaidi ya hapo unaitumia hadi mwisho wake.

Ila hakikisha kamera yako inaikubali. Leica M8 ya 2006 na M9 ya 2009 hazionyeshi picha ya moja kwa moja hata ufanyeje. Uwezo huo ulikuja na M iliyofuata, ile ya sensa ya CMOS.

fokasi_polepole

Shata, umeruka jambo. Hiyo ya kupachika inakaa kwenye kiatu cha flashi, kwa hiyo flashi umeiaga, na vyufainda ya nje ya lenzi ya 21mm nayo umeiaga. Halafu kamera inapotumia sensa kuonyesha picha, shata lazima lifungwe kwanza kabla ya kufunguliwa kupiga. Kuna kigiza kidogo hapo. Kwa mtu aliyekaa kitini si neno. Kwa mtoto anayekimbia, wakati umeshapita.

Mimi nasema kikuza, na hesabu yake ni hii. Kwenye Leica M madirisha mawili ya renjifainda yameachana milimita 69.25. Zidisha kwa ukuzaji wa vyufainda upate urefu wa msingi unaofanya kazi kweli (mrefu zaidi, sahihi zaidi): kwa 0.68 ni milimita 47 tu. Funga kikuza cha 1.25 na ukuzaji unakuwa 0.85, urefu unafika karibu 59. Cha 1.4 kinakupeleka karibu 66, unaipita hata ile M3 ya 1954 yenye 0.91. Ukiweka 28mm utakivua, maana mistari ya fremu ya nje hutaiona tena. Kwa 50mm hakuna kifaa kinachofaa zaidi yake.

Linganisha na Epson R-D1 ya 2004, renjifainda ya kwanza ya kidijiti. Ukuzaji wake ni 1.0 kamili, unatazama macho yote mawili yakiwa wazi na mistari inaelea hewani, raha isiyo na kifani. Lakini madirisha yake yameachana milimita 38 tu, kwa hiyo pamoja na ukubwa wote huo wa picha, kwa usahihi inaachwa nyuma na M ya 0.68.

NusuMita

Yote hayo ya nini? Njia ya tatu. Sony walipotoa A7 mwaka 2013, tatizo hili liliisha. Umbali wa sensa hadi kwenye mdomo wa mfumo wa M ni milimita 27.8, wa Sony ni 18. Adapta ni pete isiyo na kioo ndani, haiwezi kuharibu picha. Vyufainda imejengwa ndani, kingo kali zinapakwa rangi, na kuna adapta zinazosogeza lenzi nzima mbele na nyuma kwa mota mpaka lenzi ya mkono inakuwa ya otomatiki.

Leica wenyewe mwaka 2025 wametoa M EV1, mfumo wa M bila renjifainda, vyufainda ya elektroniki tupu. Wenye nyumba wakishaanza kuhama, mpangaji unasubiri nini?

Zuhura_28

NusuMita kaka, 50mm sawa. Ile 28mm yake je? Kioo kinachofunika sensa ya Sony ni kinene kuliko cha M, na lenzi pana za renjifainda zinarusha mwanga kwa mshazari mkali pembeni. Nilijaribu. Katikati wembe, pembe zimevutika kama rangi iliyopanguswa na kidole. Ukifunga tundu inapungua, haiishi.

Na kwa JichoLaKulia: kama unavaa miwani, anzia hapo kabla ya kununua chochote. Kioo cha macho cha Leica M kina nusu diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) ya hasi ndani yake, kwa hiyo jicho lako linatazama kana kwamba kiraka kiko mita mbili mbele, hata kama unayempiga yuko sentimita 70. Miwani ya kusomea haikusaidii hapo, inakuharibia. Vaa ya mbali. Kama ni ile miwani yenye nguvu zinazobadilika kutoka juu kwenda chini, angalia kupitia sehemu ya juu. Lenzi ndogo za kurekebisha za kufunga kwenye vyufainda zipo, ila kwa mwenye astigmatizimu hazitoshi.

Kuhusu 28mm, mimi kiraka sikigusi kabisa. Kwenye f/8 naweka mita 3.3, kila kitu kutoka mita 1.65 hadi mwisho wa macho kinaingia. Sensa za siku hizi hazisamehe, kwa hiyo kama picha itachapwa kubwa nasoma mistari ya kina cha fokasi ya f/4 kwenye pipa la lenzi wakati tundu liko f/8.

Mzee_Biogoni

Vijana, mmemwuzia mwenzenu vifaa vitatu na hakuna aliyemuuliza picha zake zinakosea upande gani.

Bwana JichoLaKulia, umeandika mambo mawili na yote yamepitwa. Pua kali, macho yamefifia. Tena: katikati mbaya, pembeni nzuri. Jicho lililochoka halichagui upande. Leo linakosea mbele, kesho nyuma. Kosa lenye mwelekeo mmoja ni la chuma au la kioo, si la mtu.

Fanya hivi. Kamera kwenye tripodi. Weka rula ya mshazari mita moja mbele, na katikati yake simamisha kadi yenye mstari mweusi. Oanisha kiraka kwenye mstari ule, piga, rudisha lenzi mwisho, oanisha tena, piga. Mara kumi kwa f/1.5. Kisha kumi kwa f/2.8. Kisha kumi nyingine kwa f/1.5, safari hii ukikuza kwenye skrini badala ya kiraka. Halafu tafuta lenzi nyingine ndefu ya kuazima urudie.

Zikitawanyika huku na huku, ni jicho lako, na kikuza cha fokasi_polepole ndiyo dawa. Zikikosea zote upande mmoja kwa kila lenzi, renjifainda imehama, inahitaji fundi. Zikikosea kwa lenzi moja tu, unajua wa kumlaumu.

Angalia pia kitu cha mbali sana, mnara au ukingo wa jengo, lenzi ikiwa imegota kwenye mwisho. Picha mbili ziwe moja. Zikipishana juu na chini tu, usahihi haujaguswa, ni kero ya kuoanisha. Zikipishana kushoto na kulia, hapo kuna kazi.

Shata125

Shikamoo Mzee. Ila tripodi, rula, picha thelathini... ya elektroniki ingemjibu kwa dakika moja.

Mzee_Biogoni

Marahaba. Ingemjibu, kweli. Isingemwambia kwa nini.

JichoLaKulia

Nimerudi, siku mbili zimeisha kwenye rula.

28mm safi. Niliazima 90mm f/2, nayo safi, kwa hiyo kamera haina kosa. Kwa 50mm, f/1.5, picha kumi kwa kiraka: kumi zote fokasi imeangukia mbele ya mstari, karibu sentimita 2, zimepangana kama askari. Kwa f/2.8: kumi zote kwenye mstari wenyewe. Kwa kukuza kwenye skrini, f/1.5: kumi zote sahihi.

Macho yangu mazima! Lakini sijaelewa kwa nini nikimweka mtu pembeni inatoka safi.

Mzee_Biogoni

Nilikuwa nasubiri hilo.

Kwanza lenzi. Muundo wa Sonnar una tabia ya kuhamisha fokasi. Tundu likiwa wazi, mwanga wa pembeni mwa kioo hauangukii pale unapoangukia wa katikati. Ukifunga tundu, wa pembeni unakatwa na fokasi inarudi nyuma. Kiraka hakijui lolote kuhusu tundu, kinasoma tu jinsi lenzi ilivyosogea. Mtengenezaji lazima achague tundu moja la kuwa sahihi. C Sonnar ya Zeiss, kwa mfano, ilitoka ikiwa imewekwa kwa f/2.8, na ukiifungua hadi f/1.5 fokasi inakuja mbele. Yako inafanya hivyo hivyo.

Sasa pembeni. Unaoanisha kiraka kwenye jicho la mtu, mita moja, katikati. Halafu unageuza kamera ili akae pembeni, tuseme nyuzi 12. Fokasi si duara linalokuzunguka, ni ukuta ulionyooka mbele ya kamera, na unageuka pamoja nayo. Kosaini ya 12 ni 0.978. Jicho lake sasa liko sentimita 97.8 kutoka kwako kwa kipimo cha ukuta huo, na ukuta umebaki mita moja. Fokasi imeangukia sentimita 2.2 nyuma yake. Kina chote cha fokasi, yaani eneo linalotoka kali, kwa 50mm f/1.5 kwenye mita moja ni kama sentimita 3.4, yaani 1.7 kila upande, na hicho ni kipimo cha enzi za filamu. Kwa lenzi isiyo na kosa, picha hiyo ingeharibika.

Yako inakosea sentimita 2 mbele. Kugeuza kunakosea 2.2 nyuma. Makosa mawili yamekutana kwenye kope.

fokasi_polepole

Nimesoma mara tatu. Ina maana angenunua kikuza changu angeoanisha vizuri zaidi na kukosea vizuri zaidi.

NusuMita

Na angepeleka lenzi kwa fundi ikarekebishwa, za pembeni zilizokuwa nzuri zingeharibika 😂

Mzee_Biogoni

Ndiyo. Na akishairekebisha kwa f/1.5, kwenye f/2.8 itaanguka nyuma. Kwa lenzi hii huwezi kupata vyote. Anayepiga f/1.5 muda wote airekebishe. Anayeifungua mara mojamoja aiache.

JichoLaKulia

Naiacha. Kikuza nimeahirisha, na kuhama sihami. Zuhura ameniokoa na hizo pembe za 28mm. Vyufainda ya elektroniki ndiyo nitaichukua, lakini kwa kazi moja: uso wa katikati, f/1.5, mtu ametulia. Tena nifokasi tundu likiwa pale pale nitakapopigia, la sivyo ile tabia ya Sonnar itanirudia. Mengine yote kiraka.

Kabla haijafika nimegundua ujanja: nikiwa katikati naoanisha kiraka, halafu naegemea mbele sentimita mbili kama mtu anayesoma maandishi madogo. Leo sita kati ya kumi zimetoka kali. Jana zilikuwa mbili.

Zuhura_28

Mzee, swali la mwisho. Kwenye f/2.8 lenzi yake haikosei mbele. Basi akimweka mtu pembeni, zile 2.2 za kugeuza nani anazifuta?

Mzee_Biogoni

Hazifutwi, dada. Kwenye f/2.8 kina ni sentimita 6.4, yaani 3.2 kila upande. 2.2 inaingia humo humo. Ila asiikuze sana kwenye kompyuta.