Mfuniko wa nyuma haufungi, nyaya nizipange vipi?

MtuWaKanyenye (Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Kasha la kompyuta ni la ATX (saizi ya kawaida) lenye kioo upande mmoja, pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ya wati 550, nyaya zake hazichomoki. Nyuma ya bamba linaloshika mazabodi (bodi kuu) kuna nafasi ya sentimita 2 hivi. Nyaya zote nimezirundika huko, mfuniko haufungi bila kuukandamiza. Halafu waya wa pini 8 wa prosesa umepita mbele, unagusa feni ya kadi ya video. Nianzie wapi?

FundiBangwe (Kigoma)
Mkuu, usiukandamize. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye plagi za SATA (za hadidiski), nazo huvunjika upesi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Kisha chomoa nyaya zote uanze upya.

Pini 8 ndiyo ya kwanza. Ipitishe nyuma ya bamba, itokee kwenye tundu la kona ya juu kushoto. Hitisinki (kipoza joto cha prosesa) ikiwa kubwa, kidole hakiingii hapo. Toa kwanza feni ya juu. Waya usipofika, nunua wa kurefushia wa pini 8, usiurudishe mbele.

Sasa pini 24, waya mkuu wa umeme wa mazabodi, hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiukusanya na kuufunga duara unakuwa mnene kama kidole gumba, na zile sentimita 2 zimekwisha. Utandaze uwe bapa, nyaya zilale ubavu kwa ubavu, na usiruhusu waya mwingine upite juu yake. Nyaya za ziada zisikae nyuma kabisa: zishushe kando ya pawasaplai, kwenye kizimba cha hadidiski. Kama kizimba hukitumii, fungua skrubu ukitoe.

Kufunga nyaya ni mwisho, baada ya kuwasha na kuona kila kitu kinafanya kazi.

Isevya_PC (Tabora)
Naongezea kwenye kufunga. Kwa vumbi letu la kiangazi kasha litafunguliwa mara nyingi, kwa hiyo tumia velkro (utepe wa kubandika na kubandua) kuliko vifungo vya plastiki. Waya wa feni usiufunge pamoja na mingine, ili feni itoke peke yake wakati wa kusafisha. Na ukipuliza vumbi, shika mapanga ya feni yasizunguke.

Usitegemee joto kushuka sana kwa kupanga nyaya tu. Faida kubwa ni kwamba hakuna waya utakaonasa kwenye feni.

MtuWaKanyenye (Tabora)
Pini 8 imefika, mfuniko unakaribia kufunga. Waya wa sauti wa mbele (wa tundu la hedifoni kwenye kasha) ndio haufiki. Na nikibadili pawasaplai niweke ya nyaya zinazochomoka, nyaya za pawasaplai nyingine ya aina hiyo zitafaa?

FundiBangwe (Kigoma)
Wa sauti usiuzungushe juu. Soketi yake kwa kawaida iko kona ya chini kushoto ya mazabodi, upitishe nyuma utokee tundu la chini.

Nyaya za pawasaplai moja usizichomeke kwenye nyingine, hata plagi ikiingia vizuri. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Volti 12 zikiingia pa volti 5, hadidiski inaweza kuungua papo hapo. Tumia zilizokuja nayo kwenye boksi.

MtuWaKanyenye (Tabora)
Wa sauti umefika. Mfuniko nao umefunga kwa kusukuma na vidole viwili tu. Shukrani wakuu.