Kiungulia kinanitesa kila nikiendesha baiskeli safari ndefu, na mwili uko fiti. Naombeni ushauri

MwendoWaBunju

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Bunju, Dar. Huu ni mwaka wa saba naendesha baiskeli ya mbio. Katikati ya wiki natoka mara mbili kabla ya kazi, kama kilomita 30 hivi, na Jumapili naungana na wenzangu tunakwenda Bagamoyo na kurudi. Nina kilo 66, sivuti sigara, pombe sigusi, presha na sukari zikipimwa ziko sawa.

Tatizo limeanza miezi minne iliyopita. Nikiinama kushika usukani kwa chini, hasa zamu yangu ya kukaa mbele kukata upepo ikifika, moto unaanzia chembe ya moyo unapanda hadi kooni. Wakati mwingine maji machungu yanafika mdomoni kabisa, nayameza. Jumapili iliyopita nilishindwa pale Mapinga. Nikashuka, nikaegemea mwarobaini ulio kando ya barabara, nikakaa wima kama dakika kumi, kikatulia. Nilipoinama tena hata kilomita mbili hazikuisha.

Ratiba yangu ya Jumapili: naamka saa 11 alfajiri, nakula chapati mbili na chai ya maziwa, saa 11 na nusu niko barabarani. Njiani natumia jeli mbili za nguvu, na tukifika Bagamoyo nakunywa soda ya kola baridi. Jumamosi usiku huwa nakula saa 4, maana watoto wanalala kwanza.

Duka la dawa walinipa omeprazole bila maelezo yoyote. Nameza moja kikianza kuwaka. Sioni tofauti.

Mke wangu anataka niache baiskeli. Haniambii kwa ubaya, anaogopa. Lakini baba yangu aliondoka kwa presha akiwa na miaka 53, na tangu nianze kuendesha ndipo presha yangu iliposhuka. Kuacha sitaki. Nisaidieni: inakuwaje mtu mwenye mazoezi yote haya awe na kiungulia?

Kawe_Pwani

Pole sana mkuu. Hivyo ni vidonda vya tumbo. Saga kabichi mbichi, kunywa glasi moja asubuhi kabla hujala kitu, siku 21. Mjomba wangu alipona kwa hiyo.

TabibuWaKata

Ndugu, pole. Mimi ni tabibu, niko zahanati. Kabla ya kabichi na kabla ya omeprazole kuna jambo moja lazima lifungwe kwanza, nalo ni moyo. Maumivu ya kifua yanayomjia mtu wa miaka 41 akiwa anatumia nguvu, na baba yake alikuwa na presha, hatuyaiti kiungulia mpaka moyo umeangaliwa. Moyo na umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) viko jirani na mishipa ya fahamu yake inaingiliana, ndiyo maana wagonjwa wengi hushindwa kuvitofautisha. Kuwa fiti hakumkingi mtu asilimia mia.

Naomba ujibu bila kuficha. Je, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto, taya au mgongoni? Unatoka jasho la baridi? Ukipanda kilima kwa nguvu ukiwa umekaa wima, yanakuja? Umepungua uzito bila kutaka? Chakula kinakwama ukimeza? Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami? Na unatumia dawa yoyote ya maumivu?

MwendoWaBunju

Asante sana daktari. Mkono na taya hapana. Jasho la baridi hapana. Kilima nikikipanda nimekaa wima hakuna kitu, nahema tu kama kawaida. Ni kuinama ndiko kunakoleta, hata nikifunga kamba za viatu baada ya kula. Uzito ni ule ule, kumeza hakuna shida, choo cha kawaida.

Dawa ya maumivu natumia. Goti la kulia linauma kwa mbele tangu mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo Jumamosi usiku nameza diklofenaki na Jumapili alfajiri naongeza nyingine nisisumbuke njiani. Sikudhani ina uhusiano.

TabibuWaKata

Ina uhusiano mkubwa. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kuimeza alfajiri kisha ukaenda kutoka jasho kwa muda wa saa tatu na maji kidogo mwilini, unaliumiza tumbo na figo pia. Acha leo. Goti likizidi tumia parasetamoli, na tutafute kwa nini linauma.

Sasa nikueleze kiungulia chenyewe. Pale umio unapoungana na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chakula kikipita unafunga. Asidi inapanda pale msuli huo unapolegea wakati usio wake, au tumbo linapobanwa kwa nguvu kuliko msuli unavyoweza kuzuia. Wewe unafanya yote mawili. Chapati ina mafuta, na mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula. Nusu saa baadaye unainama, mapaja yanapanda kuelekea kifuani kila ukikanyaga, na damu imehamia miguuni kwa hiyo tumbo linafanya kazi taratibu zaidi. Chakula kipo, mlango unasukumwa. Mazoezi yako hayana kosa, ila kwa mpangilio huo yanaisukuma asidi juu.

Omeprazole haitulizi moto ulioanza. Inazima vile vitengeneza asidi, na inavikuta vizuri vinapokaribia kuamshwa na chakula. Kwa hiyo inamezwa nzima, asubuhi, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku, na inahitaji siku kadhaa kuonyesha nguvu yake. Ukitaka cha kutuliza palepale, vile vidonge vya kutafuna vya magnesium ndiyo kazi yake.

Nenda hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Waeleze kwamba maumivu yanakuja ukiwa mazoezini, maana ECG ya kulala kitandani peke yake inaweza kuwa safi na tatizo likawepo. Wao wataamua kama unahitaji kile cha kukimbia kwenye mashine. Waombe pia kipimo cha bakteria wa tumbo, H. pylori, kwa haja kubwa. Cha damu kinaweza kuendelea kusema unao hata miaka baada ya kutibiwa, na nimeona watu wanamezeshwa antibayotiki mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo. Omeprazole uwe umeiacha wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo kinaweza kudanganya. Kwa hiyo pima kwanza, dozi kamili baadaye.

FundiSpoku

Mimi nitaongea upande wa baiskeli. Goti kuuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, ukiwa umekaa sawasawa: mguu unatakiwa unyooke. Kama goti bado limepinda, pandisha siti milimita tano tano, jaribu siku kadhaa, pandisha tena.

Halafu usukani. Angalia chini ya stemu, kile kipande kinachoshika usukani, kama kuna vile vipete vya kuinulia. Wengi wanavitoa baiskeli ionekane kama za mashindano makubwa, lakini wale waendeshaji wa mashindano wana mtu wa kuwapima na hiyo ndiyo kazi yao. Rudisha vyote. Sentimita mbili tu zinalifungua tumbo. Ukiinama, inamia kwenye nyonga mgongo ukiwa mrefu, usijikunje katikati. Ukijikunja pale kitovuni unalikamua tumbo kama machungwa.

Suruali yako ya baiskeli je? Kama ni ya mpira kiunoni na inaacha alama, badilisha uvae ya kamba za mabegani.

DadaWaMachame

Kaka pole, mimi nimepita humo humo, naendesha huku Moshi. Yaliyonisaidia nakupa kama yalivyo.

Chakula cha usiku kabla ya safari nakula saa 1 jioni, nikichelewa sana saa 2. Wali kiasi, mchicha usio na nazi nyingi, samaki wa kuchemsha. Watoto wanakula na mimi. Asubuhi siweki mafuta mdomoni. Nakunywa uji mwepesi wa mchele kikombe kimoja au ndizi mbivu moja, saa moja na nusu kabla ya kutoka. Kama siwezi kuamka mapema hivyo nakula nusu ya ndizi tu, nyingine nakula nikiwa nimeshaendesha nusu saa.

Jeli zile ni sukari nzito. Ukimeza bila maji zinakaa tumboni muda mrefu. Mimi niliziacha, natumia tende, moja kila dakika ishirini, natafuna hadi inakuwa laini kabisa, na maji mafunda mawili. Maji nakunywa kidogo kidogo mara nyingi. Ukisubiri kiu kisha ukamimina nusu chupa kwa mkupuo, tumbo linajaa na hewa nyingi, lazima ucheue, na ukicheua asidi inapanda nayo. Soda ya kola ndiyo hiyo hiyo, gesi na kafeini pamoja.

Na kitandani: niliweka tofali chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwa. Mito haisaidii, inakukunja shingo na tumbo. Nalala ubavu wa kushoto. Ukilala kulia asidi inaukaribia ule mlango. Wiki ya kwanza mume wangu alilalamika kwamba anateleza kuelekea miguuni, tukaweka tofali la nusu, tukakubaliana.

TangaRaha

Naongezea la Ramadhani kwa sababu linakuja. Mimi huendesha jioni kabla ya futari, na mwaka juzi kiungulia kilinitesa mpaka nikafikiria kuacha. Kosa langu lilikuwa daku: nakula viazi vya kukaanga na maharage ya nazi, nasali, nalala palepale. Sasa nakula daku mapema kidogo ndani ya muda wake, nakaa wima nikisoma mpaka kunapambazuka. Futari naanza kwa tende na uji, nasali Magharibi, ndipo nakula kilichobaki. Bajia na sambusa nimewaachia wageni.

Mwenye_Eldoret

Ndugu yangu, mimi ni Mkenya, nimesoma nikaona niseme jambo. Huku kwetu Bonde la Ufa saratani ya umio imetuchukulia watu wengi, nami nilimpoteza shangazi. Alianza kwa kusema ugali unamkwama, akawa anashushia na maziwa, miezi ikapita. Sikuambii una hiyo, dalili zako si hizo. Nakuomba tu: siku yoyote chakula kikianza kukwama, usingoje, nenda ukaingizwe kamera. Na chai yako iache ipoe. Vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliviweka mwaka 2016 kwenye orodha ya vinavyodhaniwa kuchangia saratani hiyo.

MwendoWaBunju

Wakuu, nimerudi baada ya wiki kumi kama ilivyo ada.

Moyo: nilifanyiwa ECG na kile cha kukimbia kwenye mashine. Nilikimbia mpaka daktari akasema inatosha. Uko salama. Mke wangu alikuwa amekaa nje kwenye benchi, nilipomwonyesha karatasi alilia kidogo. Hilo peke yake lilitosha kwangu.

H. pylori sina. Zile wiki mbili bila omeprazole zilikuwa ngumu, lakini nilizimaliza. Kisha nikaianza kama tabibu alivyoelekeza, asubuhi kabla ya kula, na daktari akaniandikia wiki nane.

Diklofenaki nimeacha. FundiSpoku, Mungu akubariki: siti ilikuwa chini kwa sentimita moja na nusu. Nilipandisha kwa hatua tatu, goti limetulia bila kidonge chochote. Nikikumbuka vizuri, niliishusha mimi mwenyewe mwanzoni mwa mwaka nilipobadilisha viatu vya baiskeli, na hapo ndipo goti lilipoanza, nikaanza vidonge, kisha moto.

Usukani nimeuinua. Chapati nakula mchana nikirudi. Jumapili mbili zilizopita nimekwenda Bagamoyo na kurudi, zamu zangu za mbele nimekaa zote. Juzi nilisikia kajoto kidogo tukikaribia Kerege, nikanyanyuka nikashika usukani kwa juu, nikanywa funda moja, kakaisha.

Swali langu moja, tabibu: wiki nane zinakwisha mwezi huu. Naikata omeprazole siku moja au napunguza?

TabibuWaKata

Nimefurahi sana kusoma hili. Mrudie daktari aliyekuandikia, ila jiandae kwa jambo hili: tumbo lililozoea omeprazole likiachiwa ghafla hutoa asidi kwa fujo kwa wiki mbili tatu. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wanaanza dozi upya, wanabaki nayo miaka. Madaktari wengi hushusha taratibu, siku moja ndiyo siku moja hapana, huku vidonge vya kutafuna vikiwa karibu. Panga isianguke kwenye wiki yenye safari ndefu. Chakula cha usiku kiendelee kuwa mapema, na kitanda kama hujakiinua, kiinue kabla hujaanza kupunguza.

MwendoWaBunju

Matofali nimeshayaweka tangu Jumamosi. Asante, tabibu.