Ruzuku za kilimo Marekani: mtu kalima soya, mbona analipwa ya mahindi?

Kibarua wa Data: Wakuu naombeni msaada. Niko napitia takwimu za ruzuku za wakulima wa Marekani, zile ambazo EWG, shirika la mazingira la huko, wanaziweka kaunti kwa kaunti, nikafungua kaunti moja ya kijijini huko Iowa nikachanganyikiwa kabisa. Kuna watu wanavuta hela ndefu miaka nenda miaka rudi, wengine wanaonekana wanakaa mjini, halafu wakulima wa mboga huwaoni. Na kuna jamaa kaniambia unaweza kupanda soya shamba zima ukalipwa ya mahindi. Inaendaje hii?

Ngano Kavu: Jamaa hajakudanganya. Ruzuku kubwa za mazao ni mipango miwili ya serikali, ARC (inafidia mapato yakishuka) na PLC (inafidia bei ikishuka), na malipo yake hayaangalii umepanda nini mwaka huu, yanaangalia ekari za base, yaani zilizoandikishwa kutokana na historia ya shamba huko nyuma. Shamba likiwa na base ya mahindi we panda soya tu, bei ya mahindi ikianguka hela inakuja. PLC hesabu yake nyepesi: sheria ya kilimo ya 2014 iliweka bei ya msingi ya mahindi dola 3.70 kwa busheli (kama kilo 25), wastani wa soko ukishuka mpaka 3.40 unafidiwa senti 30, zidisha na mavuno kwa ekari yaliyo kwenye faili la shamba, zidisha na asilimia 85 ya base yako. Sheria ya 2025 imeipandisha ile 3.70 ikawa 4.10. Nyanya na kabichi hazimo kabisa kwenye orodha ya mazao ya mpango huo, ndo maana huwaoni.

Mama Trekta: Ongezea ARC ya kaunti, hiyo ndo kichekesho. Inapimwa kwa mapato ya wastani ya kaunti nzima, kwa hiyo mvua ya mawe inaweza kukumaliza wewe peke yako lakini kaunti ikavuna vizuri, hupati hata senti huko, na mwaka mwingine wewe umejaza maghala, kaunti imeanguka, unalipwa. Na 2019 wakati wa ugomvi wa kibiashara na China serikali ilitoa fidia nyingine kwa kiwango cha kila kaunti, kuanzia dola 15 mpaka 150 kwa ekari, yaani unavuka barabara tu upo kaunti ya pili na hela imebadilika 😂

Kibarua wa Data: Duh. Na hawa wa mjini?

Mzee wa Ploti: Hao usiwahukumu haraka. Mwenye ardhi akikodisha kwa kodi ya fedha taslimu, ruzuku ya mazao anapokea mpangaji maana ndiye anayebeba hatari (ingawa kodi nayo hupanda, mwenye ardhi si mjinga), ila wakigawana mavuno na malipo wanagawana. Halafu kuna mpango wa kuhifadhi ardhi, CRP, upo tangu 1985, serikali inakulipa upumzishe ardhi miaka 10 hadi 15, hiyo mwenye shamba anaweza kukaa popote na cheki inamfuata.

Ngano Kavu: Na usidhani hiyo orodha ndo yote. Bima ya mazao serikali inachangia zaidi ya nusu ya ada kwa wastani, na hapo majina hayatolewi. Ukomo wa ARC na PLC ulikuwa dola 125,000 kwa mtu, sasa 155,000, lakini bima haina ukomo huo, na hata huo ukomo wenyewe wanauzunguka kwa ubia, kila mbia anahesabiwa na wake, sheria ya 2018 ikaruhusu mpaka binamu na wapwa waingie. Mimi hapo ndo naona tatizo lilipo, sio kwa wazee waliohamia mjini.

Mama Trekta: Kibarua, kitu kimoja kabla hujachora grafu zako: ARC na PLC hulipwa Oktoba ya mwaka unaofuata, mazao ya 2023 yalilipwa Oktoba 2024. Ukilinganisha malipo na bei ya mwaka huohuo utapata uchafu mtupu.