Naomba ushauri: kipandikizi cha koklea baada ya homa ya uti wa mgongo

Wadau, habari zenu. Naombeni ushauri kuhusu kipandikizi cha koklea (kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kwenye sikio la ndani ili kusaidia kusikia) kwa mtoto wa miaka 2 aliyepoteza usikivu masikio yote baada ya homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha usikivu akiwa usingizini hakikuonyesha mwitikio hata kwa desibeli 90 (sauti kubwa sana). Amevishwa shimesikio (vifaa vya kukuza sauti masikioni) zenye nguvu. Mlango ukibamizwa anageuka (nadhani ni mtetemo tu), akiitwa jina hageuki.

Picha ya MRI inaonyesha neva za kusikia zipo, ila koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti) ya kulia imeanza kuziba. Ikishageuka mfupa, kupenyeza elektrodi zote (vinyaya vya kipandikizi) inakuwa kazi.

Je, amalize kwanza miezi 3 ya majaribio ya shimesikio, au kwa hali hii huwa yanarukwa? Na apandikizwe masikio yote kwa pamoja, au aanze la kulia?