Ushauri: Jirani yetu mzee hataki msaada wa kupigwa picha

BintiBarani:
Assalaam alaikum, na Wakristo Bwana asifiwe. Naombeni ushauri.

Hapa kwetu Barani, Malindi, tuna jirani mzee wa Kigiriama, Mkatoliki. Mtaa mzima twamwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama. Analea wajukuu wawili walioachwa na marehemu bintiye, na siku hizi presha na miguu havimpi nafasi ya kwenda shamba. Kamati ya msikiti wetu kila Ramadhani hugawa mchele, unga na mafuta kwa wasiojiweza bila kuuliza dini ya mtu, na kwa hilo nawaombea heri. Lakini Idi ikipita ndiyo basi mpaka mwaka ujao.

Mwaka huu kikaja kikundi kingine. Wazee wakapangwa foleni juani, kila mmoja ashike mfuko, apigwe picha. Hawe aliuweka mfuko chini akarudi zake nyumbani. Aliniambia, "Wajukuu wangu wasoma na watoto wa hapa hapa. Kesho wataoneshwa nyanya yao kwenye simu." Imeniuma sana. Nataka apate kitu cha kila mwezi na stara yake ibaki. Je, zaka yaweza kumfikia?

MzeeWaLangoni:
Waalaykumu salaam, binti yangu. Zaka ina mafungu manane ya wanaopewa, yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wanasema fukara anayepewa humo ni Mwislamu. Usigombane na kamati kwa hilo. Omba sadaka, hiyo hata asiye Mwislamu hupewa, na jirani ana haki yake. Tena Surat Al-Baqara, aya ya 271, yasema kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Huku Lamu sisi wachache twachanga, twampa mwenye duka. Mzee akienda kuchukua sukari na unga, deni lake kwenye daftari limeshalipwa. Ajuaye ni mwenye duka peke yake, kwa hiyo chagua asiye na mdomo.

Mama_wa_Jumuiya:
Dada, Hawe yuko jumuiya ndogo ndogo ipi, yaani kikundi kipi cha Wakatoliki wa mtaani? Usianzie kwa padre, anzia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Sisi tukisindikiza Komunyo kwa wagonjwa majumbani ndipo tunapoona jiko halijawashwa. Hapo tunagawana zamu: huyu dawa za presha, yule maji na kuni. Yakizidi uwezo wetu, kama paa limeoza, tunayapeleka parokiani.

TunagawaPamoja:
Niwatetee kidogo wenye kamera. Mfadhili aliye mbali hudai ushahidi. Asipoupata, mwakani haleti kitu.

MzeeWaLangoni:
Mwanangu, piga picha magunia, na orodha iliyotiwa dole gumba. Uso wa mzee si risiti.

Kijana_Ngala:
Hamjataja Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Kwa upande wa wazee ni wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo chifu na mzee wa mtaa wamjue mapema. Kitambulisho chake kinasemaje?

BintiBarani:
Hapo ndipo penye kazi. Kitambulisho kimeandikwa alizaliwa 1961, na Hawe asema uhuru ulimkuta ameshaolewa.

Mama_wa_Jumuiya:
Basi alikosewa umri, kama wazee wengi wa huku. Nenda naye parokia aliyobatizwa, waombe wamtafute kwenye daftari la ubatizo wampe cheti. Muulize kwanza alibatizwa kwa jina gani, maana mara nyingi halifanani na la kitambulisho. Cheti hicho mpeleke nacho ofisi ya usajili wa watu. Wasiporidhika, waulize habari ya kupimwa umri hospitali ya serikali.

BintiBarani:
Asante mama, asante mzee wangu. Jumatatu naomba ruhusa kazini nimpeleke parokiani kwa tuktuk. Mwenye duka nakwenda kuzungumza naye leo baada ya Magharibi, na majirani watatu wameshaniahidi mchango.