Kozi ya uraia chuo: dola na taifa, mnafundishaje watu wakaelewa?

MwalimuWaJioni: Wakuu habari zenu. Semista hii nimepewa kozi ya uraia, mwaka wa kwanza, darasa limefurika, mada kuu ni dola na jinsi taifa letu lilivyopatikana. Shida wamekaririshwa tangu fomu wani, ukiuliza dola ni nini wanamwaga watu, mipaka, serikali, mamlaka kamili, halafu wanarudi kwenye simu. Juzi nikauliza haya, Zanzibar ni nchi au sio nchi? Kimya. Mmoja kule nyuma akasema mwalimu hiyo siasa. Iliniuma, maana ndo somo lenyewe. Nyie mnaanzia wapi?

BintiPaje: Anzia hapohapo walipokaa kimya. Mi naingia na katiba mbili, ya Muungano ya 1977 ibara ya kwanza tu inasema Tanzania ni nchi moja, ya Zanzibar baada ya marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi, tena ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano. Wasome kwa sauti, we nyamaza. Ubishi ukiwaka kila mtu aandike kwanza hoja ya mwenzake ndo aje na yake, hapo ndo wanaanza kufikiri.

Kiungo8: Tumia mpira mwalimu. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira Afrika, waliipa Zanzibar uanachama, Julai wakaufuta kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili vya mpira. Desemba hiyohiyo timu yao ya taifa, Zanzibar Heroes, kwenye Kombe la Chalenji kule Kenya wakaifunga Bara wakafika mpaka fainali wakatolewa kwa matuta. Sasa waulize, CECAFA, wale wa mpira Afrika Mashariki na Kati, wanaitambua, CAF hawaitambui kama mwanachama kamili, nani anaamua? Ukitoka hapo nenda Somaliland, walijitangaza kujitenga na Somalia 1991, wana serikali, jeshi na hela yao.

MzeeWaSemina: Vijana mnakimbilia ubishi, historia hawana hawa. Wape Hati za Muungano walizosaini Nyerere na Karume 22 Aprili 1964. Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na serikali ya Muungano, yalikuwa 11, leo 22. Kila grupu lichukue moja lililoongezwa, wafuatilie liliingia lini na kwa nini. Mafuta na gesi peke yake yanatosha semina nzima.

MwalimuWaJioni: Asanteni sana, Jumatano naingia na katiba mbili, hati wiki inayofuata. Ila wakiniuliza msimamo wangu mimi niseme?

BintiPaje: Sema, ila maksi zao zikishatoka. Kabla ya hapo wataandika unachotaka kusikia.